Jinsi ya kupima oili ya pikapu ukapata kipimo cha kweli

Leo tuweke pembeni mbegu na mbolea, tuzungumzie pikapu. Najua wapo watakaosema bwana shamba sasa ameingia gereji. Hapana, mafundi wapo na kazi yao ibaki kwao. Lakini ukilima kibiashara, pikapu ni chombo cha shamba kama lilivyo bomba la kupulizia dawa. Na kama ninavyokusumbua upime dawa vizuri kabla hujaingia shambani, nina haki ya kukusumbua upime oili vizuri kabla hujapakia mzigo.

Wengi ninaowatembelea wanachomoa stiki ya oili. Hapo sina ugomvi nao. Shida ni mahali na wakati. Gari limesimama kwenye mteremko wa shamba, nyuma kuna magunia, injini imezimwa sasa hivi, stiki inachomolewa mara moja, mtu anaangalia, anatingisha kichwa, anaongeza nusu chupa. Yaani amepima, lakini alichopata si kipimo.

Na gharama yake si ndogo. Chukua kijana anayetoa vitunguu Ruaha Mbuyuni kuvipeleka Iringa. Atapanda Kitonga na mzigo. Kwenye mlima ule pua ya gari iko juu kwa muda mrefu, oili yote ndani ya injini inakimbilia nyuma, na injini inafanya kazi ya nguvu. Kama oili ilikuwa pungufu, pampu inaweza kuvuta hewa badala ya oili. Beringi za krenki hazina subira na hilo. Injini ikinoki pale, umepoteza injini, umepoteza mzigo, na msimu ndio unaanza.

Stiki inapima nini hasa

Chini ya injini kuna bakuli la chuma, mafundi wanaliita sampu. Oili yote inayozunguka ndani ya injini mwisho wake inarudi humo. Stiki imeingizwa kutoka juu kupitia bomba jembamba mpaka ndani ya sampu, na alama zake mbili zinakuonyesha uso wa oili umefika wapi. Alama ya chini mara nyingi imeandikwa L au MIN, ya juu F au MAX. Kati ya hizo mbili ndipo pa kukaa.

Sasa elewa ukubwa wa kitu tunachozungumzia. Pikapu nyingi za dizeli tunazotumia zinabeba oili lita 6 hadi 8 hivi. Toka alama ya chini mpaka ya juu mara nyingi ni kati ya lita 1 na lita 1 na nusu. Tuseme kwenye stiki yako alama hizo zimeachana sentimita 2, na kati yake ni lita 1.5. Piga hesabu: kila milimita moja ya stiki ni karibu mililita 75. Kosa la milimita 5, ambalo kwa macho unaliona dogo, ni zaidi ya theluthi moja ya lita.

Mteremko ndio adui wa kwanza

Chukua karai la maji uliinamishe. Upande mmoja maji yanapanda, upande mwingine yanashuka, na katikati hayabadiliki sana. Sampu ni karai hilo hilo. Kama stiki yako ingekuwa imezama katikati kabisa ya sampu, mteremko usingekusumbua sana. Lakini kwenye magari mengi stiki iko pembeni, mbele au nyuma, kutegemea mtengenezaji alipata nafasi wapi.

Tuseme stiki yako iko sentimita 15 kutoka katikati. Umeegesha mahali ambapo kila mita 10 ardhi inapanda mita 1, mteremko ambao kule kwetu milimani mtu anauita tambarare. Uso wa oili pale penye stiki utahama sentimita 1 na nusu. Kwa hesabu yetu ya juu, hiyo ni zaidi ya lita 1. Gari lenye oili ya kutosha litaonekana limekauka, au lililokauka litaonekana limejaa. Inategemea stiki iko upande gani na pua ya gari imeelekea wapi.

Niliwahi kuitwa na kijana mmoja mkulima wa nyanya, pale kwake gari linaegeshwa pua juu kila siku kwa sababu ndivyo uwanja ulivyo. Kila akipima anaona oili iko chini ya alama. Anaongeza. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Baadaye gari likaanza kutoa moshi wa bluu na oili ikawa inavuja kwenye sili ya nyuma. Fundi wake akamwambia ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Mimi nilikuwa nimekwenda kuangalia kantangaze, si gari, lakini nikamwomba tulitoe lile gari tulipeleke barabarani penye usawa. Tukasubiri, tukapima: oili ilikuwa juu ya alama ya F karibu upana wa kidole kizima. Gari lilikuwa linakunywa oili kwa sababu lilinyweshwa kupita kiasi. Fundi akapunguza mpaka kwenye alama, sili ikabadilishwa, moshi ukaisha baada ya siku chache. Injini haikufunguliwa. Angekubali ushauri wa kwanza, mapato ya ile nyanya yote yangeishia gereji.

Kwa hiyo jambo la kwanza: tafuta mahali pamoja penye usawa, pafanye kuwa pa kupimia siku zote. Na usipakadirie kwa jicho, maana jicho la mtu aliyezaliwa mlimani linadanganya. Wale niliowafundisha kuchora mistari ya kontua kwa fremu ya A, kazi imekuja. Weka mguu mmoja wa fremu pale gurudumu la mbele litakaposimama, mwingine kuelekea la nyuma, piga hatua mpaka ufike. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati njia nzima, pako sawa. Rudia kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia, maana hata mlalo wa ubavuni unahamisha oili. Kama huna fremu, azima mpira wa maji wa mafundi ujenzi. Penye upungufu chimba kidogo au jaza changarawe, shindilia. Ni kazi ya asubuhi moja, na eneo hilo hilo litakufaa kupimia hata maji ya rejeta na oili ya breki.

Mzigo nao ni mteremko. Watu wanasahau hili. Gari likiwa na tani ya viazi, spring za nyuma zinashuka na pua inapanda. Pikapu ndefu ina karibu mita 3 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Nyuma ikishuka sentimita 10, ni sawa na kuegesha kwenye mteremko wa 1 kwa 30, na kwa stiki yetu ya mfano kipimo kinahama nusu sentimita. Pima kabla ya kupakia. Ukishapakia umechelewa, labda ushushe. Na angalia upepo wa matairi, tairi moja likiwa limelala kipimo nacho kinalala.

Subiri kidogo

Injini ikiwa inafanya kazi, sehemu ya oili haiko kwenye sampu. Iko kwenye silinda hedi, kwenye njia zake, kwenye turbo, inatiririka ukutani kurudi chini. Ukizima na kuchomoa stiki hapo hapo utaona pungufu. Ukiongeza kwa kufuata hicho ulichoona, ile ya juu ikishuka umeshapitiliza.

Vitabu vya Toyota, kwa mfano, huagiza injini ipate moto kwanza, izimwe, kisha usubiri zaidi ya dakika 5. Mimi nawaambia vijana wasubiri 10, hasa asubuhi za baridi za Njombe na Makete ambapo oili nzito inashuka taratibu. Gari la kampuni nyingine linaweza kuwa na agizo tofauti, na mengine yanataka upime injini ikiwa baridi. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, kuliko mimi na kuliko fundi. Kama kitabu kimepotea kama kawaida ya magari ya mtumba, tafuta cha injini yako, siyo cha jina la gari tu, maana jina moja limebeba injini nyingi.

Je, kupima alfajiri kabla ya kuwasha ni vibaya? Si vibaya. Oili yote imeshuka usiku kucha, kipimo kinatulia vizuri. Ila jua kwamba oili hutanuka ikipata moto, karibu asilimia 0.7 kwa kila nyuzi 10 za Sentigredi. Lita 7 zikitoka nyuzi 20 kufika 90 zinaongezeka kama theluthi moja ya lita, ambayo kwenye stiki yetu ni zaidi ya milimita 4. Kwa hiyo kipimo cha baridi kitasoma chini kidogo ya cha moto, na hakuna kilichopungua. Chagua njia moja, ya moto au ya baridi, kwa kufuata kitabu, ukae nayo. Anayepima leo baridi kesho moto atakuwa anaona oili inapanda na kushuka kama bei ya mahindi.

Na ukitoka kumwaga oili na kubadilisha filta, usiamini stiki kabla injini haijawashwa. Filta mpya ni tupu. Washa dakika moja au mbili mpaka taa ya oili izime na filta ijae, zima, subiri, ndipo upime. Utaona imeshuka, na hapo ndipo pa kuongezea kilichobaki.

Namna ya kuchomoa na kusoma

Kabla ya kuvuta, futa vumbi kwenye mpini wa stiki na mdomo wa bomba lake. Barabara zetu za vumbi mnazijua. Ukivuta bila kufuta, mchanga unaingia kwenye injini kwa mkono wako mwenyewe.

Vuta mara ya kwanza, usisome. Nasema usisome. Injini ilipokuwa inazunguka, oili ilirushwa ikapaka stiki na kuta za lile bomba, kwa hivyo unachokiona ni matope tu ya oili. Futa stiki yote kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Si kwa majani ya mahindi, si kwa nguo ya kazi yenye udongo. Irudishe mpaka mwisho, mpini ukae kabisa mahali pake. Hapa ndipo watu wenye haraka wanakosea: stiki iliyobaki juu sentimita 1 itakuonyesha oili pungufu kwa sentimita 1. Hesabu mpaka tatu, vuta tena taratibu bila kuikwaruza kwenye bomba, na ncha iendelee kuangalia chini au ilale. Ukiinua ncha juu oili inatiririka kuelekea mpini na mstari unapotea.

Sasa soma pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja una mstari safi na mwingine umepakazwa, kwa sababu stiki iligusa ukuta wa bomba ikipanda. Unachotafuta ni mahali ambapo oili imeshika upana wote wa stiki bila kukatika. Michirizi inayopanda pembeni haihesabiki. Pande mbili zikitofautiana, chukua iliyo chini. Oili mpya ni ngumu kuiona kwa sababu rangi yake ni hafifu, hivyo weka karatasi nyeupe nyuma ya stiki ugeuze kwenye mwanga mpaka uone pale mng'ao unapoishia. Halafu rudia zoezi zima. Vipimo viwili vikilingana, andika. Visipolingana, rudia mara ya tatu.

Stiki yenyewe ikiwa siyo yake

Hili naliona sana kwenye pikapu za zamani. Injini ya asili ilishanoki kwa mwenye gari wa kwanza, ikawekwa ya mtumba, na stiki ikatafutwa yoyote inayoingia. Au ya asili ilikatika ncha ikaletwa nyingine ya kuokoteza. Hapo hata ukiegesha juu ya kioo, alama hazina maana.

Namna ya kuijua ni rahisi, isubiri siku ya kumwaga oili. Mwaga yote gari likiwa kwenye usawa, acha itiririke mpaka iwe matone. Weka filta mpya. Jaza kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo pamoja na filta, upime kwa chombo chenye alama za lita, usikadirie. Washa, zima, subiri, pima. Oili inatakiwa iguse alama ya F au karibu yake sana. Ikiwa mbali, stiki si ya injini hiyo. Nunua iliyo sahihi, na ukiikosa chora alama yako kwa tupa pale oili ilipofika. Hiyo ndiyo F yako mpya.

Ukiona imepanda

Kupungua kila mtu anakuogopa. Kupanda watu wanakufurahia, wanadhani gari limepona. Oili haizaliani, ndugu yangu. Kama umepima sawa sawa na imepanda bila wewe kuongeza, kuna kitu kimeingia.

Kikiwa dizeli, oili inakuwa nyepesi na inanuka dizeli. Inatoka kwenye nozeli inayovuja, pampu ya dizeli, au kwa magari mapya yenye kichujio cha masizi kwenye egzosi, ile dizeli ya ziada inayotumika kukichoma. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi, na ikijaa sana injini ya dizeli inaweza kuanza kuinywa na kunguruma yenyewe hata ukizima swichi. Kikiwa maji, oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Katika hali zote mbili usiwashe tena, mwite fundi alipo gari.

Hata oili safi ikipita F kwa kiasi kikubwa ina madhara. Krenki inaifikia na kuipiga kama mwiko kwenye yai, inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Ndiyo maana ukiongeza, ongeza robo lita, subiri, pima tena. Kulenga robo tatu ya njia kati ya L na F kunatosha, huna sababu ya kugombania F.

Na wale wanaosema "taa haijawaka": kwenye magari mengi taa nyekundu ya oili ni ya msukumo wa oili, haipimi kiasi. Inawaka pampu ikishakosa cha kusukuma. Ikiwaka ukiwa barabarani, zima hapo hapo, hata kama soko linafungwa.

Andika

Kwenye daftari la shamba, pale unapoandika mbolea na vibarua, tenga ukurasa wa gari. Tarehe, kilomita, oili iko wapi kwenye stiki kwa milimita kutoka L, umeongeza kiasi gani. Pima kila wiki, na kila siku wakati wa mavuno. Baada ya miezi miwili utajua gari lako linakula milimita ngapi kwa kilomita 1,000. Siku likila mara mbili ya hapo utaliona kabla ya moshi, na ukienda kwa fundi utaenda na hesabu mkononi badala ya "naona kama inapungua pungua". Fundi mzuri atafurahi. Asiyependa hesabu zako, mtafakari.

Swali huwa halikosi nikieleza haya: je, pampu ya umwagiliaji na pawatila? Usawa na kusubiri ni vile vile. Ila injini nyingi ndogo za petroli zina kifuniko cha kusokota chenye kistiki, na nyingi katika hizo, kama Honda za GX, unatakiwa uchomeke kistiki bila kukisokota ndipo usome. Ukikisokota kinazama zaidi na kinakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Zipo ambazo ni kinyume, kwa hiyo soma kitabu chake. Na pampu isipimwe pale mtoni ilipoinamia maji, ipandishe juu penye usawa kwanza.